Mama alianguka usiku, na sababu ilikuwa ndani ya mfuko wake wa dawa (Bukavu)

Binti wa Cimpunda (mwanzilishi wa uzi)

Jambo wote. Mnivumilie, nitaandika kwa urefu. Jambo hili limenikaa rohoni, na najua nyumba nyingi hapa mjini zina mzee kama mama yangu.

Mama ana miaka 74. Tunakaa naye Cimpunda, huku Kadutu, na kutoka mlangoni hadi chooni unateremka ngazi tisa za udongo. Wiki sita zilizopita, saa nane za usiku, tulisikia kishindo. Tulimkuta amekaa kwenye ngazi ya nne, kitenge kimeloa, damu inamtoka kwenye paji la uso, anauliza kama baba amesharudi kazini. Baba alifariki 2011.

Hakuvunjika popote, namshukuru Mungu. Lakini tangu usiku ule kila mtu akawa na maelezo yake. Shangazi akasema ni uzee tu, akili imeanza kurudi utotoni. Jirani akasema tutafute watu wa kumwombea. Mimi mwenyewe nilikubali kwamba ni uzee, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa nimeshaanza kumsemesha mama yangu kama mtoto.

Aliyetufungua macho ni muuguzi mmoja mstaafu, rafiki wa marehemu baba, aliyekuja kumpa pole. Hata tansio (presha ya damu) hakumpima kwanza. Aliuliza, "Dawa zake ziko wapi?" Nikamletea boksi. Akasema, "Hizo ni dawa za daktari. Mimi nimeuliza dawa zake." Mama akanyamaza. Mwanangu wa miaka tisa ndiye aliyejibu: "Bibi ana mfuko chini ya mto."

Tukaumwaga kwenye mkeka. Mfuko mweusi wa plastiki, ule wa sokoni. Ndani mna plaketi zilizokatwa kwa makasi, vidonge viwili hapa, vitatu pale. Jina la dawa limebaki herufi tatu za mwisho, na tarehe ya kuisha imeondoka na kipande alichouziwa mtu mwingine. Mna vikaratasi vilivyokunjwa, vimeandikwa kwa kalamu "1×2", "2×3", basi, hakuna jina. Chini kabisa vidonge vyeupe visivyo na nyumba, vimesuguana hadi vimetoa unga. Na chupa ya dawa ya kikohozi, imefika nusu.

Mzee akavaa miwani, akavitenga kwa mafungu kama mtu anayepanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Ukijumlisha na vile vitatu vya daktari, zilikuwa aina kumi na moja. Moja hakuna aliyeitambua, hadi leo.

Sasa sikilizeni jinsi kamba ilivyojisuka. Mwanzo wake ni magoti. Mama ameuza mihogo miaka mingi, magoti yamechoka. Alinunua diklofenaki, dawa ya maumivu, njiani, akapata nafuu, akaendelea nayo kila siku karibu mwaka mzima. Mzee akatueleza kwamba diklofenaki hufanya mwili uzuie chumvi na maji, na tansio hupanda. Ikapanda kweli. Kwenye kituo cha afya hakuna aliyejua habari za diklofenaki, kwa hiyo wakaongeza amlodipini yake ya tansio kutoka miligramu 5 hadi 10. Amlodipini kwa kiasi hicho huwavimbisha miguu watu wengi. Miguu ikavimba. Akapewa furosemidi, ile ya kukojoza. Akawa anaamka mara nne usiku kushuka zile ngazi, usingizi ukakatika. Mama mmoja wa kanisani akamgawia Valium zake, zile za kutuliza na kuleta usingizi. Na tumbo likawa linawaka, kwa sababu ya ile ile diklofenaki, akaongeza omeprazoli.

Kikohozi nacho kilikuwa na chanzo chake: enalaprili ya tansio, ambayo kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu kisichoisha. Sisi tulikuwa tunanunua dawa ya kikohozi.

Kwenye fungu la maumivu peke yake kulikuwa na majina matatu. Diklofenaki. Indometasini. Na kidonge cha mchanganyiko chenye diklofenaki tena pamoja na parasetamoli. Mama alijua ni dawa tatu mbalimbali: moja ya magoti, moja ya mgongo, moja ya kichwa. Kumbe zote ni za ukoo mmoja, na juu yake daktari alishampa aspirini ndogo.

Kwa hiyo mama yangu hakuwa anazeeka ghafla. Alikuwa amekunywa Valium, amejaa furosemidi, anashuka ngazi gizani. Nawaomba jambo moja tu. Mzee wenu akipata ugonjwa mpya, kabla hamjamwongezea dawa, ulizeni kama ugonjwa huo haukuletwa na dawa aliyokwisha kunywa.

Kaka wa Bagira

Pole sana dada, mpe mama pole yetu. Umenikumbusha baba mkubwa wangu, miaka 79, mwenye sukari. Alikuwa anakunywa glibenklamidi miaka na miaka. Wakati wa maombi ya kufunga alifunga siku mbili, lakini dawa hakuacha, kwa sababu aliambiwa dawa ya sukari haikatwi. Siku ya pili jioni akaanza kutoka jasho, anatetemeka, anatukana watu, na yeye ni mtu asiyetukana. Tulikuwa tunamkemea pepo. Kweli kabisa, tumemzunguka tunaomba, na sukari inaendelea kushuka.

Binti mmoja wa shule ya uuguzi alipita, akampima sukari: 38, imeshuka mno. Tukampa maji ya sukari maana bado alikuwa anaweza kumeza, akarudi akili ndani ya dakika chache, tukafurahi. Usiku wa manane ikashuka tena. Hospitalini walimweka siku mbili na serumu (maji ya mshipani). Daktari akasema dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, hasa figo zikiwa zimechoka, ndiyo maana sukari hurudi kushuka hata mtu akishakula.

Mfamasia wa Nyawera

Nimesoma uzi huu mara mbili. Ninauza dawa miaka zaidi ya kumi na tano, acheni niseme ninayoyajua.

Ndugu wa Bagira, daktari wenu alisema kweli. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeandika wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa watu waliozidi miaka 60, na imeweka gliklazidi mahali pake. Lakini glibenklamidi ni rahisi, ipo kila pahali, na wazee wengi walianzishwa nayo wakiwa na miaka 50. Hakuna aliyerudi kuuliza, huyu sasa amefika miaka mingapi?

Hapo ndipo shida ilipo. Dawa ni ile ile, mwili umebadilika. Kuanzia kama miaka 40 figo za watu wengi huanza kupunguza kazi kidogo kidogo kila mwaka. Maji mwilini yanapungua, mafuta yanaongezeka, damu inayopita kwenye ini inapungua. Chukua Valium. Kwa kijana wa miaka 20, nusu ya dawa hutoka mwilini kwa saa kama 20. Kwa mzee wa miaka 80 inaweza kuchukua saa 80 na zaidi. Maana yake bibi akimeza kimoja kila usiku, cha leo kinakuta cha jana na cha juzi bado viko ndani. Mchana anasinzia, anayumba, anasahau, mnasema uzee.

Marekani, mwaka 1991, daktari Mark Beers na wenzake walitoa orodha ya dawa ambazo mzee angeepushwa nazo ikiwezekana. Imekuwa ikisahihishwa tangu hapo, kwa mfano mwaka 2023. Valium na ndugu zake wamo. Indometasini imo. Glibenklamidi imo. Zimo pia dawa za mafua za zamani kama klorofeniramini na prometazini, ambazo humchanganya mzee akili, humfunga choo, na mwanaume mwenye tezi kubwa ya kibofu anaweza kushindwa kabisa kukojoa hadi awekwe mpira. Orodha hiyo haisemi ni sumu. Inasema kwa mtu wa umri huu fikiri tena kabla ya kutoa.

Na mchanganyiko alioupata mama wa Cimpunda unanitia hofu zaidi kuliko kuanguka kwenyewe: enalaprili, furosemidi na diklofenaki kwa mtu mmoja. Zikikutana hizo tatu, figo za mzee zinaweza kusimama ndani ya siku chache, hasa akiwa anaharisha au hanywi maji. Dada, mmepima figo?

Sisi wa famasi tuna sehemu yetu ya lawama. Mteja akifika tunamuuliza, "Unaumwa wapi?" Ni wachache wanaomuuliza, "Na nyumbani unakunywa nini kingine?" Mimi mwenyewe miaka mingi sikuuliza.

Ziwa la Kivu

Yote mazuri, lakini tuseme ukweli. Daktari ni pesa, kipimo ni pesa, taksi ni pesa. Mzee hana pensheni. Muuza dawa wa njiani anakubali kukukatia vidonge viwili kwa hela uliyonayo mkononi, na hata deni anakupa. Mnataka tuwaache wazee walie na magoti?

Binti wa Cimpunda

Ndugu yangu, sikukatalii hata neno moja. Mama hakwenda njiani kwa ujinga, alikwenda kwa sababu pale hakuna foleni na hakuna wa kumuuliza ordonansi (karatasi ya daktari). Lakini nilipiga hesabu ya ule mfuko. Omeprazoli, furosemidi, dawa ya kikohozi, indometasini, kidonge cha mchanganyiko: kila wiki tulikuwa tunatoa pesa kuponya madhara ya pesa ya wiki iliyotangulia. Kumwaga mfuko kwenye mkeka hakulipiwi. Kumwita muuguzi wa mtaani aangalie, ukampa chai, hakulipiwi.

Kuhusu magoti: sasa anakunywa parasetamoli. Kwa kuwa mama ni mwembamba, tumeambiwa vidonge vya 500 visizidi sita kwa siku. Anakandwa kwa kitambaa cha maji ya moto asubuhi. Na anakaa kwenye kiti, ananyoosha mguu mmoja mbele, anaushikilia, anashusha, mara kumi kila upande, ili nyama za paja zibebe goti. Maumivu hayajaisha, sitawadanganya. Lakini anatembea.

Mfamasia, aksanti sana kwa maelezo. Figo tumepima, zilikuwa zimeshuka. Tunarudia wiki ijayo.

Mwana wa Kivu, Ubelgiji

Mimi niko huku Ulaya na ninaandika kwa aibu. Miaka mitatu nilikuwa namtumia mama dawa za tansio kila msafiri anapopatikana. Nilijiona mtoto mwema. Perindoprili, boksi nzuri, karatasi ya maelezo kwa Kifaransa na Kiflamandi. Nisichojua ni kwamba hapo Bukavu alikuwa ameandikiwa enalaprili, na zote mbili ni za ukoo mmoja. Mama alikuwa anakunywa ya daktari asubuhi na "ya mtoto" jioni, ili asimvunjie moyo yeyote kati yetu. Alizimia kanisani wakati wa kusimama kwa Injili.

Ninyi mlio nje, tafadhali, kabla ya kutuma boksi mwombeni mtu apige picha dawa zote zilizoko nyumbani. Zote, hata za chini ya mto. Mimi sasa situmi dawa. Natuma pesa ya kipimo cha damu, na dada yangu ananitumia picha ya karatasi ya majibu.

Mama wa mapacha, Panzi

Naomba kuuliza. Bibi yangu amekonda sana. Dada yangu alimletea vidonge vya kuongeza mwili, wanavyokunywa wasichana. Amenenepa kweli uso, ameanza kula vizuri. Ni miezi mitatu sasa. Lakini anakojoa sana na kiu haimwishi. Tuviachishe leo?

Mfamasia wa Nyawera

Mama, msiachishe leo kwa mkupuo. Tafadhali soma hili vizuri.

Vile vidonge mara nyingi ni deksametazoni pamoja na siproheptadini. Deksametazoni huvimbisha uso, huo si unene. Hupandisha sukari, na ndiyo maana nauliza kama hiyo kiu na kukojoa si sukari. Mpimeni leo leo, kipimo cha kidole kinatosha kuanzia. Inakula mifupa ya mzee na inampokonya nguvu ya kupigana na maambukizi. Lakini baada ya miezi mitatu tezi zake za juu ya figo, zinazotengeneza homoni ya namna hiyo, zimelala, zimezoea kuletewa kutoka nje. Ukikata ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, tansio kuanguka, hata kufa. Mpelekeni kwa daktari pamoja na vile vidonge vyenyewe mkononi. Atapunguza polepole. Na daktari aulizwe pia kwa nini bibi alikonda. Hilo bado halijajibiwa.

Hili naliandika kwa wote, kwa sababu najua mtu atasoma uzi huu na kwenda kutupa mfuko wa mama yake chooni usiku huu. Usifanye hivyo. Valium iliyonywewa miezi haikatwi siku moja. Propranololi, ya moyo na tansio, haikatwi siku moja. Dawa za kifafa pia. Kinachoweza kusimama mara moja, kwa kawaida, ni zile za maumivu zinazofanana zilizorudiwa. Hizo nyingine ni kazi ya daktari.

Aliyenitumia ujumbe kuhusu mubirizi: dawa ya miti nayo inapita kwenye ini na figo zile zile. Sikatai, hata mimi nimekunywa mubirizi utotoni. Naomba tu chupa yake nayo iwekwe kwenye mkeka.

Mzee wa Muhungu

Wanangu, mimi nina miaka 71. Mjukuu ndiye ananisaidia kuandika.

Mnaongea juu yetu, acheni nami niongee. Mnauliza kwa nini tunaficha mfuko. Tunaficha kwa sababu nikisema mgongo unauma, nyumba nzima inanyamaza, naona mwanangu anapiga hesabu kichwani. Ada ya watoto iko hapo, kodi iko hapo, na mimi na mgongo wangu. Basi nanunua vinini viwili vya njiani, nanyamaza.

Tena hospitali nayo inatutisha. Daktari anaandika, mimi sioni vizuri, nasema ndiyo ndiyo. Nikitoka nje nimeshasahau kipi ni cha asubuhi. Anayeniuzia dawa mtaani ananiita baba, ananipa kiti, ananieleza taratibu kwa lugha yetu. Nyie mnaona muuza dawa. Mimi naona mtu aliyenisikiliza.

Kwa hiyo mkija kumwaga mfuko, msije kama askari wanaopekua. Kaa chini, uliza kila kidonge kilianza lini na kilikuwa kwa ajili ya nini. Mimi mjukuu wangu alifanya hivyo jana, baada ya kunisomea maneno haya. Nilikuwa na saba. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha mke wangu, marehemu. Nilikuwa nakinywa kwa sababu kilibaki, na kutupa dawa nilizomnunulia sikuweza.

Binti wa Cimpunda

Mzee wetu, shikamoo. Nimesoma maneno yako kwa sauti, mama akiwa anasikiliza. Akasema, "Huyo baba amesema yangu." Kisha akatueleza kwamba diklofenaki ya kwanza aliinunua wiki ile niliyolipa ada ya mtoto wa kwanza. Sikuwa najua.

Niwape habari za mwisho, maana wengi wameuliza. Tulirudi hospitali na vidonge vyote kwenye bakuli, pamoja na daftari ambalo mwanangu ameandika jina, saa, na sababu ya kila kimoja. Kile kidogo kisicho na jina daktari alikigeuza geuza, akakiweka pembeni. Amlodipini imerudi 5, na tansio haijapanda, kwa sababu diklofenaki haipo tena. Miguu imepungua yenyewe. Furosemidi imetoka. Enalaprili imebadilishwa kuwa losatani, dawa nyingine ya tansio, kikohozi kimekwisha. Aspirini ameiondoa pia, amesema mama hajawahi kupata kiharusi wala ugonjwa wa moyo, na kwa umri wake hatari ya kutoka damu inazidi faida. Figo zimepanda kidogo, tutapima tena mwezi ujao. Tumbo haliwaki, omeprazoli tumeambiwa tumalize wiki mbili na kuacha.

Iliyobaki ngumu ni Valium. Tulianza nusu, sasa ni robo. Kuna usiku ananiomba nimwongezee, ananiita kwa jina langu la utoto, na kumnyima kunaniuma sana. Nakaa naye tunapiga gumzo mpaka usingizi umchukue.

Jina la baba halitaji tena kana kwamba anarudi kazini. Juzi ametaja mwaka aliofariki, na jina la padri aliyemzika.

Usiku wa kuamkia leo niliamka saa nane kwa mazoea, nikategea sikio. Ngazi zilikuwa kimya, mama anakoroma. Jumamosi naenda Bagira kwa shangazi na mkeka wangu. Ameshaniambia kwa simu kwamba yake ni mifuko miwili.